Mota Iliyokataa Kusaga Wimbi

Mke wangu alipotoka wodini katika hospitali ya Lugulu akitembea kwa miguu yake mwenyewe, nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale langoni, na watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimemuuguza kwa majuma mengi. Nilirudi naye nyumbani Kitale nikiwa na moyo mwepesi kuliko nilivyopata kuwa nao kwa muda mrefu. Ninaandika hilo kwanza ili ijulikane kwamba hasira ninayoieleza hapa haikutoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta cha kukasirikia.

Siku chache baadaye nilikutana barabarani na mama mmoja wa kanisa letu, amejitwika gunia dogo. Ni mjane, umri wake unakaribia wangu. Tangu mumewe afariki ameishi kwa unga wa uji. Anachanganya wimbi na muhogo mkavu na mtama kidogo, kwa kipimo anachokijua mwenyewe, anasaga, anawauzia kina mama wenye watoto wadogo na shule ya chekechea iliyo karibu. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wamekua kwa uji wake. Mashine ya kusaga ya kanisa iko karibu na kwake, lakini alikuwa ameshaipita na alikuwa akielekea mbali, kule barabara ya kwenda Endebess.

Nilimuuliza kama mashine yetu imeharibika.

"Mashine iko sawa, baba," akasema. "Ni mimi wanasema nimeharibika."

Nilimwomba ashushe gunia tukae kando ya barabara anieleze. Alieleza bila kulia, kama mtu anayesoma matangazo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mota ya mashine ilikuwa imeungua kabla sijaenda Lugulu, na hilo nililijua. Kamati ya mashine iliipeleka Bungoma isukwe upya nyaya zake, kwa fundi ambaye mwenyekiti wa kamati amemwoa dada yake. Ilirudi imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Siku ya kwanza walisaga mahindi, ikaenda. Kisha mama huyu akaleta wimbi yake. Mota ikapoteza sauti, ikaguna, ikasimama huku inanguruma na kutoa harufu, mpaka starta, kile kisanduku cha kuwashia, ikakata stima yenyewe. Wakaiacha ipoe, wakamimina mahindi, ikaenda. Wakarudia wimbi, ikasimama. Msagaji, yaani kijana anayeendesha ile mashine, akatania mbele ya foleni kwamba mama ana mkono mzito. Watu wakacheka. Juma lililofuata ikasimama tena kwake, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wakamwambia asimimine mwenyewe, ampe mtu mwingine. Mtu mwingine akamimina, mota ikasimama. Basi wakasema si mkono, ni nafaka ya shamba lake. Akaenda sokoni akanunua wimbi iliyotoka Cheptais, ambayo hajaipanda wala kuivuna. Mota ikasimama. Wakasema basi ni yeye mzima, kila anachokigusa. Katika kazi yangu ya zamani ya ufundi majaribio kama hayo humtoa mtu hatiani. Wao walichukua kila jaribio wakaligeuza kuwa ushahidi mpya juu yake.

Jumapili moja wakamwita mbele ya kanisa. Akapigishwa magoti, wakamwekea mikono, wakakemea pepo. Jumatatu akaleta wimbi, kwa imani, akiamini kwamba yamekwisha. Mota ikasimama. Sasa kamati ilisema bado kuna kitu anaficha, na hatasaga tena mpaka asimame akiri. Na kwa kuwa habari haifungiwi kanisani, kina mama walikuwa wameacha kununua unga wake. Chekechea nayo ilimwambia asubiri kwanza. Mtu aliyekuwa akinywa uji wake mwaka jana sasa akipewa kikombe alikuwa anasema ameshiba.

"Wanataka nikiri nini?" aliniuliza. "Niambie baba, wewe ni mzee wa kanisa. Nikiri nini ili nisage?"

Nilimsaidia kujitwika gunia, nikarudi nyumbani, nikaingia chumbani kuomba, na sikuweza. Nilipiga magoti nikaona ninasaga meno. Nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi. Nimewaambia watu kwamba hasira inapoingia, neno la Mungu hutoka. Siku hiyo nilisema Amina bila kuwa nimesema kitu kabla yake, nikainuka.

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa mota katika kiwanda upande wa Bungoma. Mota inayozunguka vizuri ikiwa haina kazi, kisha inasimama ikipewa mzigo, nimeiona mara nyingi kuliko harusi. Na wimbi ya uji ni mzigo kuliko mahindi, kila msagaji analijua hilo. Mahindi ya ugali hupita kwenye wavu wa chuma wenye matundu makubwa. Uji wa mtoto unataka unga laini, kwa hiyo wavu hubadilishwa, unawekwa wenye matundu madogo, na unga hauna haraka ya kutoka. Nyundo za mashine zinapigana na nafaka ile ile tena na tena, na muhogo mkavu ukiwemo ndiyo zaidi. Mota dhaifu itavumilia mahindi yakidondoshwa kidogo kidogo. Wimbi haitaivumilia. Na miongoni mwa watu wote waliosaga pale siku za kawaida, ni mama yule tu aliyeleta wimbi. Wengine huleta wakati wa sherehe.

Asubuhi iliyofuata nilichukua wimbi ya nyumbani kwangu, ile mke wangu aliyoiweka kwa uji wake wa kupata nguvu, nikaenda nayo. Pale kwetu hakuna anayewasha mashine kabla ya kusali, ni desturi tangu siku iliposimikwa, kwa hiyo niliwakuta wote: mwenyekiti, katibu, msagaji, na foleni ya kina mama na madebe yao. Tuliomba. Nikaomba nisage wa kwanza, kwa sababu ya umri wangu. Nikamwambia msagaji aweke wavu wa uji, nikapanda mwenyewe kwenye kikanyagio cha kufikia mdomo wa mashine, nikamimina kwa mikono yangu miwili watu wote wakiona.

Mota iliguna, ikazama sauti, ikasimama. Starta ikakata.

Niligeuka nikawaambia, "Sasa niombeeni na mimi."

Mama mmoja kwenye foleni aliziba mdomo kwa leso. Mwenyekiti akasema mzee, tusifanye mzaha na mambo ya kiroho.

"Sifanyi mzaha," nikamwambia. "Ni wimbi ya mke wangu, nimeimimina mimi. Ama na mimi nina pepo, ama mota ni mbovu. Chagua, mwenyekiti, watu wanangoja unga."

Aliyejibu ni katibu. Alisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba jana watu waliniona nimeketi na yule mama barabarani, na kwamba nilimshikia gunia lake.

Nimeishi miaka mingi. Nimezika watoto wawili. Sikumbuki kama nimewahi kumtazama mtu nikatamani kumpiga kama nilivyotamani kumpiga yule ndugu, mwenye Biblia kwapani, anayeongoza nyimbo kwa sauti nzuri kuliko sisi wote. Nilishuka kwenye kikanyagio polepole nikimshika msagaji bega. Nikasema nileteeni spana.

Nilizima stima kwenye swichi kubwa. Nikatoa mikanda inayounganisha mota na mashine, nikaizungusha mashine kwa mkono. Ilizunguka laini, beringi zake nzima, nyundo haziguswi na kitu. Kwa hiyo kosa halikuwa la mashine. Nikawasha mota peke yake, ikazunguka kwa sauti tamu ya mota mpya. Msagaji akasema, si unaona mzee, iko poa. Nikamwambia hata mimi nikiwa nimekaa tu niko poa. Nikarudisha mikanda, nikapima stima kwa mita kwenye nyaya zote tatu, mota ikiwa haina mzigo na kisha ikiwa na mzigo. Nyaya zote zilikuwa sawa, hakuna iliyopungua. Kwa hiyo kosa halikuwa la stima. Niliyafanya hayo yote polepole na kwa kusema, kila nilichokiondoa nikikitaja, kwa sababu nilitaka watu wa foleni wasikie. Nilitaka waone jinsi kosa linavyotafutwa.

Msagaji alinisogelea akaninong'oneza kwamba tangu ile mota irudi kutoka Bungoma ameifahamu haina nguvu, ndiyo maana anafungua mlango wa mahindi kwa upana wa kidole tu. Nilimuuliza alimwambia nani. Akasema angemwambia nani, fundi ni shemeji yake mwenyekiti, na ile kazi anaihitaji. Niligeukia mota. Ningebaki pale ningemjibu vibaya.

Kisha nilifungua kile kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa mota, mahali nyaya zinapoungwa, na kosa lilikuwa limekaa hapo mchana kweupe, wala halikujificha.

Mota kubwa kama ile ina misuko mitatu ya waya wa shaba, na kila msuko una ncha mbili. Ncha zote sita hutolewa nje. Wakati wa kuwasha, starta huziunga kwa namna ambayo kila msuko unapata umeme uliopunguzwa, ili mota ianze bila kishindo. Ikishika mwendo, starta hubadilisha, kila msuko ukapata umeme wake kamili, na hapo ndipo mota inakuwa na nguvu za kufanya kazi. Katika mota yetu zilitoka ncha tatu tu. Zile nyingine tatu fundi alikuwa amezifunga pamoja ndani kwa ndani. Ile sehemu ya starta inayobadilisha ilikuwa imeachwa, nyaya zake zimekunjwa na kufungwa kwa utepe mweusi. Mota yetu ilikuwa imebaki katika hali ya kuwashwa, haijawahi hata siku moja kuvuka kwenda katika hali ya kazi. Nguvu iliyobaki nayo ilikuwa theluthi tu ya nguvu zake.

Nilimwita mwenyekiti aje aone. Alichungulia, akasema yeye si fundi. Nikamwambia nami nilijua hivyo, lakini ndiye aliyepima ugonjwa.

Tuliipeleka Bungoma, mimi na msagaji. Mwenyekiti alisema ana mgeni. Karakana ya yule fundi ni safi, lazima niseme ukweli, na misuko yake ya shaba imekaa kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Si mjinga. Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilimwonyesha zile ncha tatu nikamuuliza nyingine ziko wapi.

"Kile kibao cha kuungia kiliungua, mzee wangu," akasema. "Na kipya hakikupatikana wiki hiyo, na kanisa mnapiga simu kila siku ati unga, unga. Nikaunga ndani. Si ilizunguka hapa mkiona?"

"Ilizunguka bila kazi."

"Sasa mzee, mimi nina mashine ya posho hapa ya kujaribia? Nikiwasha izunguke, ni hivyo bana."

Nikamuuliza, alipopigiwa simu kwamba inasimama, alifikiri nini. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema shemeji alimpigia kweli, na yeye alikuwa karibu kumwambia airudishe. Kisha shemeji akamweleza kwamba kuna mama fulani, kwamba ikifika zamu yake ndipo inasimama.

"Nikasema kama ni mama, basi si mota," akasema. "Mambo ya maombi siingilii mimi."

Alijua. Ninaandika hivyo bila kupunguza. Alijua alichokifunga ndani ya ile mota, na alipoletewa mtu wa kubeba kosa lake, alimwachia mzigo, akaendelea na kazi yake. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na si matusi. Mke wake, aliyekuwa akiuza soda mlangoni, alisimama akaingia ndani. Msagaji alinishika mkono akasema twende tunywe chai, baba. Tulirudi fundi akiwa ameshaifungua mota, kibao kipya kimepatikana duka la pili kutoka kwake, na hakuniangalia usoni mpaka tunaondoka.

Tuliifunga, ncha zote sita, starta ikarudishiwa kazi yake. Niliweka wavu wa uji nikamimina wimbi ile ile ya mke wangu. Mota ilishusha sauti kidogo tu, kama mtu anayepandisha mzigo begani, ikasaga mpaka ikaisha. Nilishukuru Mungu, kweli nilishukuru. Lakini hasira ilibaki mahali pake, na nimejifunza kwamba hivyo viwili vinaweza kukaa katika kifua kimoja.

Jumapili wakati wa matangazo, mwenyekiti alisimama akasema tumpe Bwana utukufu, mashine yetu imepona. Makofi yakapigwa. Katibu akaanzisha wimbo. Jina la mama halikutajwa. Siku walipomkemea walikuwa wamelitaja kamili, pamoja na la marehemu mumewe. Yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameacha kuja. Nilisimama katikati ya wimbo nikabaki nimesimama walipokwisha kukaa, mpaka mchungaji akaniuliza kama nina neno. Nikasema ninalo, nalo ni la kamati. Nikaeleza habari za mota mbele ya kanisa, ncha tatu na ncha sita, mpaka mwisho, nikamwambia mwenyekiti kwamba pale pale walipompigisha magoti mama wa watu ndipo panapowadai waseme. Mwenyekiti alisema sawa, atarudi asage, hakuna ubaya, tusahau yaliyopita. Mchungaji, naye ni mtu mwema lakini anaogopa kelele, akasema twende kwake kama wazee, kwa faragha.

Nilitangulia kwenda kumwambia. Alikuwa anapepeta. Nilimweleza kwamba mota imetengenezwa, kwamba kosa lilikuwa la fundi, kwamba wazee wanataka kuja kusema pole.

"Mashine yenu imepona," akasema. "Mimi sikuwa mgonjwa."

Aliendelea kupepeta. Baadaye akasema pole ni neno tu, na neno ndilo lililomwua. Waje, lakini wasije tu ili wakaseme walikuja. Kila mmoja atakunywa uji wake, kikombe kizima, mlango ukiwa wazi na majirani wakiona. Wakifanya hivyo, kina mama watanunua. Wasipofanya, basi hata akisaga hatakuwa na wa kumuuzia. Kwetu sisi huo ndio usemi usio na kona. Mtu unayemwogopa hunywi kilichotoka mikononi mwake.

Tulikwenda siku ya Jumatano baada ya saa tisa, mchungaji, mwenyekiti, katibu na mimi. Alikuwa amepanga viti uani, mbele ya lango, si ndani. Majirani walikuwa wamepata kazi za ghafla karibu na uzio. Mwenyekiti alisema pole, akaisema vizuri, akiwa amesimama. Uji ukaja, mweusi na mzito, una mvuke. Mchungaji alikunywa mara moja, nami nikanywa. Mwenyekiti alishika kikombe, akafumba macho, akaanza kukiombea. Aliomba kwa muda, akikataa hiki na kufunga kile. Nikamwambia, na sikupunguza sauti, "Ndugu yangu, ni uji. Fumbua macho unywe."

Alifumbua macho. Alikunywa mpaka kikombe kikaangalia mbingu, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mama alikipokea kile kikombe, akachungulia ndani, akakiweka kando. Kisha akamgeukia katibu.

Katibu alisema, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kwa bahati mbaya leo amefunga. Ni maombi yake binafsi, yuko katika kufunga mpaka jioni, angependa sana lakini mama ataelewa.

Niliinuka nusu kwenye kiti. Mama alinyoosha kiganja kunituliza bila kuniangalia. Alichukua kisahani akafunika kikombe cha katibu, akakiweka juu ya stuli mbele ya magoti yake, akavuta kiti chake akaketi kumwelekea.

"Kufunga ni vizuri," akasema. "Jioni si mbali. Tutakungoja."

Nje ya uzio hakuna aliyeondoka. Mchungaji alipishanisha miguu. Mimi nikaketi tena, nikaweka kofia yangu juu ya goti, tukangoja jua lizame.